Klampu tatu, draivu moja: ipi isadikiwe kuhusu pawa fakta?

Hamjambo, watazamaji, na karibuni Malindi. Hapa mezani nina klampu mita (vifaa vya kushika waya kwa taya na kupima mkondo) za aina tatu: ya bei nafuu inayopima wastani wa mkondo, ya RMS halisi (inayosoma nguvu ya kweli ya mkondo hata wimbi lisipokuwa sine), na klampu ya nguvu inayochukua mkondo na volteji kwa wakati mmoja. Ninachotaka kujua ni ipi kati yake itatuambia kweli draivu ya mota (kifaa kinachodhibiti mwendo wake) inavuta nguvu kiasi gani kutoka kwenye laini, na kwa pawa fakta gani, yaani uwiano wa kilowati kwa kVA, ambayo ni volteji mara mkondo. Chapa sitazitaja, kwa kuwa tofauti ninayoichambua inatokana na namna kifaa kinavyopima, nayo mtaikuta kwa mtengenezaji yeyote.

Tuanze na mkondo wenyewe. Draivu ya kawaida ya fezi tatu ina dayodi sita mlangoni (hupitisha umeme upande mmoja tu), na nyuma yake kapasita kubwa ambazo, kwenye laini yetu ya volti 415, hukaa karibu na volti 580. Dayodi haziwezi kupitisha umeme mpaka volteji ya laini ipande juu ya ile ya kapasita, kwa hiyo mkondo huingia kwa vishindo vifupi karibu na kilele, viwili katika kila nusu ya wimbi. Ndiyo maana mkondo huo hujaa hamoniki (mawimbi ya ziada yenye hezi mara kadhaa ya zile za laini) za 5, 7, 11 na 13, yaani hezi 250, 350, 550 na 650 kwa umeme wetu wa hezi 50.

Klampu ya kwanza haiyajui hayo. Yenyewe hupima wastani wa mkondo, ikazidisha kwa 1.11, ikiamini kwamba wimbi ni sine safi. Chukueni mfano wa draivu isiyo na choki (koili ya kulainisha vishindo vya mkondo), inayovuta kilowati 7.5 huku mkondo wake wa kweli ukiwa ampea 15. Mzizi wa pili wa 3 ukizidishwa kwa 415 na kwa 15, mnapata takriban kVA 10.8, na pawa fakta ni 0.70. Kwa vishindo vya namna hii, klampu ya wastani inaweza kupungukiwa na karibu asilimia 30, ikaonyesha ampea 10.5, fundi akipiga hesabu ileile atapata kVA 7.5, na pawa fakta itakuwa takriban 1. Kosa linalopendeza macho namna hiyo si rahisi kulishuku, na mwenye mota ataagiza nyaya na fyuzi kwa kulifuata. Kwa kazi ya draivu, klampu hii naiondoa mezani.

Ya pili, yenye RMS halisi, itasoma ampea 15 kama zilivyo, mradi vishindo visizidi uwezo wake. Someni kitabu chake muone uwiano wa kilele kwa RMS unaokubaliwa. Nyingi huishia 3, na draivu yenye mzigo mdogo inaweza kuuvuka, kwa sababu vishindo huwa vyembamba na virefu. Hata ikisoma sawasawa, itakupa kVA tu. Kilowati haizijui, na asiyejua kilowati hana pawa fakta.

Sasa tuje kwenye klampu ya nguvu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandae uchambuzi huu. Hii huzidisha volteji na mkondo nukta kwa nukta na kuchukua wastani wake, kwa hiyo kilowati zake ni za kuaminika hata wimbi likiwa limeharibika. Tatizo liko kwenye kioo chake, ambapo mara nyingi kuna pawa fakta mbili. Moja ni kilowati kugawanywa kwa kVA. Nyingine ni kosine ya pembe kati ya volteji na mkondo wa hezi 50 peke yake, nayo kwa draivu ya dayodi huwa 0.95 au zaidi, na ndiyo ambayo wauzaji wengi huipamba katika karatasi zao. Zote mbili ni sahihi kwa maana zake, ila zinajibu maswali tofauti. Kama kifaa kinaonyesha moja tu, gawanyeni wenyewe kilowati kwa kVA mjue ni ipi.

Msipime fezi moja mkazidisha kwa tatu. Volteji za fezi zikitofautiana kwa asilimia 2 au 3 tu, mikondo ya draivu inaweza kuachana sana, na kwa mzigo mdogo fezi moja inaweza kukaribia kunyamaza. Kwa nyaya tatu bila nyutro, shikeni mkondo wa fezi ya kwanza kwa volteji yake dhidi ya ya tatu, kisha wa fezi ya pili kwa volteji yake dhidi ya hiyohiyo ya tatu, mjumlishe kilowati mbili. Mzigo usibadilike katikati ya vipimo hivyo, na taya za klampu zielekee upande mmoja. Paneli ina umeme muda wote huo, kwa hiyo kifaa kiwe angalau cha CAT III (daraja la usalama wa vifaa vya kupimia) volti 600.

Mpimaji akipata 0.70, asikimbilie kununua kapasita za kurekebisha. Pembe tayari ni nzuri. Kilichoharibika ni umbo la mkondo, na kapasita hizo zinaweza kuvumishana na hamoniki zikaungua. Choki ya asilimia 3 hadi 5 mbele ya draivu hupandisha pawa fakta hadi karibu 0.9 kwa mzigo kamili. Kwa kiwanda cha chumvi pale Gongoni, kinachosukuma maji ya bahari mchana kutwa, choki hiyo ina hesabu, kwa sababu Kenya Power hutoza wateja wakubwa kwa kVA za kilele.

Mtu mwenye pampu moja ya kisima aazime klampu ya nguvu kwa siku moja. Fundi anayehudumia mahoteli na mashine za barafu anunue yake, inayosoma hamoniki hadi ya 40 na kuonyesha pawa fakta zote mbili, na aitumie upande wa laini: upande wa mota volteji hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na klampu hii haikuundwa kwa hilo.