Fundi wa gereji ya Majengo na lori langu la ndizi

Lori langu la mtumba kutoka Ulaya, la kiwango cha moshi cha Euro 5, linabeba ndizi za Mwika hadi soko la Kiboriloni. Mwezi uliopita taa ya AdBlue, yale maji ya urea yanayosafisha moshi wa dizeli, ikawaka, gari likaishiwa nguvu. Gereji ya kwanza wakataka kung'oa mfumo wote na kuidanganya kompyuta. Nikakataa, nikaja hii ya Majengo, Moshi.

Fundi hakugusa spana. Akaniuliza, "Mama, mzigo unapanda nao au unashuka nao?" Ndizi zinashuka, fundi, kule juu naenda mtupu. Akacheka. Kumbe ndiyo hapo! Nikipanda, injini haina kazi. Nikishuka, mguu hauko kwenye mafuta. Ekzosti haipati joto. Chini ya nyuzi 200 hivi urea haigeuki vizuri kuwa amonia, na hiyo amonia ndiyo inayofanya oksidi za naitrojeni, sumu ya moshi, ziwe naitrojeni na maji ndani ya kichocheo, kile kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosti. Akafungua nozeli, akanionyesha gamba jeupe, gumu kama magadi.

"Hili ni urea. Lile baya zaidi hulioni." Salfa ya dizeli ikikutana na amonia kwenye ubaridi, inatoka chumvi inayonata na kuziba vitundu vya kichocheo.

Nilijua ataniuzia kichocheo kipya, kile cha shaba na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo) kinachosifiwa kuwahi kufanya kazi ekzosti ikiwa bado baridi. Wala! Alisema hicho salfa inakiumiza zaidi, na kukisafisha kunataka nyuzi 500 kwenda juu. Changu cha vanadiamu, metali nyingine, kinaistahimili salfa, shida yake ubaridi. Na kwa viwango vya Afrika Mashariki vya 2012 dizeli iliruhusiwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya ni 10.

Akasafisha nozeli, tukapakia mchanga (nikanunua mimi), akachomeka kompyuta yake, tukapanda nao Mwika mpaka ikasoma nyuzi 390. Akalitembeza kwenye joto hilo karibu saa nzima ili ile chumvi iondoke, kisha akafuta kosa kwenye kompyuta ya gari. Wiki ya tatu hii, taa haijarudi.

Laki tatu na nusu, mchanga mbali. Aliahidi siku moja zikawa tatu, kivuli cha kukaa hakuna, na risiti nimeidai mara mbili. Bado nitarudi kwake.

Siku hizi napanda na saruji ya jirani anayejenga Mwika. Nauli yake inanilipia dizeli ya kwenda.