Kichujio gani ununue ukitaka kupiga picha za nebula ukiwa uani Kampala

Novemba, senene wanapoanza kushuka, juu ya ghorofa la jirani yangu hupandishwa mabati na mapipa, kisha zinawashwa taa kali za kuwanasa, zinazowaka hadi alfajiri. Ua wangu hung'aa mpaka unaweza kusoma gazeti. Ni usiku mmoja wa namna hiyo nilipopata picha yangu ya kwanza iliyonyooka ya nebula ya Waridi (Rosette), wingu la gesi angani, na kilichoniokoa ni kichujio, kioo cha upana wa inchi mbili.

Siri iko kwenye rangi. Nebula inayojiwakia yenyewe haitoi mwanga wa kila aina. Haidrojeni yake hutoa wekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, oksijeni hutoa kijani cha buluu kwenye 500.7, na salfa iko karibu na 672. Taa ya mvuke wa zebaki, aina inayotumika kunasa senene, nayo ina mistari yake ya rangi: 436, 546, 578. Haikutani na ya nebula. LED nyeupe za ulinzi ni tatizo kubwa zaidi kwa sababu mwanga wake umesambaa kila mahali, lakini kichujio cha bendi nyembamba hupitisha kipande kidogo tu cha mwanga huo, na mwanga wa nebula unapita karibu wote. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si jina la kampuni. Ni upana wa bendi, kwa nanomita.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninachoshauri zaidi.

1. Kichujio cha bendi mbili, nanomita 7, inchi 2. Kama una kamera ya rangi, anzia hapa na pengine usiende mbali zaidi. Kinapitisha haidrojeni na oksijeni kwa pamoja: pikseli nyekundu zinakusanya ya kwanza, za kijani na buluu zinakusanya ya pili, na programu ya bure kama Siril inazitenganisha baadaye. SVBONY SV220 na Optolong L-eXtreme wote wako kwenye nanomita 7. SV220 ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Tofauti kati yao utaiona kwenye nyota kali, pale kichujio kinapoweza kuzungusha duara la mwanga kama taji. Ukipokea chako, kijaribu kwa Alnitak, nyota ya mashariki katika mkanda wa Jabari (Orion). Ikivaa taji kubwa la buluu, kirudishe ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha.

Antlia ALP-T ina nanomita 5 na Optolong L-Ultimate ina 3. Anga kwenye picha zao ni jeusi zaidi, na pesa yao pia ni nyingi zaidi. Zaidi ya hapo, bendi ikiwa nyembamba sana haipatani na lenzi zenye mdomo mpana. Kwenye f/2 (namba ikiwa ndogo, mdomo ni mpana) miale inaingia kwa mshazari, bendi inahama kuelekea buluu, na haidrojeni uliyolipia inabaki nje. Ukiwa na lenzi ya f/1.8, ifunge hadi f/4 au ubaki na nanomita 7.

Kuhusu saizi nimelipa ada ya shule tayari. Nilinunua cha inchi 1.25 kwa kuwa kilikuwa rahisi, nikakiweka mbele ya kamera yenye sensa ya saizi ya APS-C, ambayo ni kubwa kwa kichujio hicho, na pembe zote nne za picha zikatoka na giza. Nunua inchi 2. Kina uzi wa milimita 48, na ringi ya kupunguza itakifunga hata mbele ya lenzi ya kawaida.

2. Darubini janja yenye kichujio ndani. Hii ni kwa asiye na chochote: hana kamera, hana darubini, na kwao kuna kijiua cha kuanikia nguo tu. ZWO Seestar S50, yenye lenzi ya upana wa milimita 50, ina kichujio cha bendi mbili tumboni, na unaiendesha kwa simu. Bendi zake ni pana kuliko za vichujio vya hapo juu, kwa hiyo usitegemee makubwa chini ya taa za senene. Tena sisi tuna shida ambayo wa Ulaya hawaipati kwa Jabari. Nebula ya Jabari inapita kama digrii 6 tu kutoka utosini kwetu, na darubini inayozunguka kama shingo ya kaloli (korongo wa majalalani) hubabaika ikitazama juu kabisa. Ipige ikiwa bado mashariki, au isubiri ianze kushuka magharibi.

3. Kichujio cha haidrojeni peke yake. Kwa mwenye kamera ya nyeusi na nyeupe, au DSLR (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) iliyotolewa kichujio cha kiwandani. Inavumilia hata mwezi mpevu, jambo ambalo oksijeni haiwezi. Lakini kama DSLR yako haijafunguliwa, kichujio chake cha ndani hula sehemu kubwa ya wekundu huo, na kinachosalia huwa kama robo. Basi fundi kwanza, kichujio baadaye. Na umpe fundi aliyewahi kufungua modeli hiyo hiyo, si yule anayeahidi tu.

4. Kichujio cha pili, cha salfa na oksijeni. Askar hutengeneza jozi, D1 na D2, kila kimoja nanomita 6. Cha pili kinakupa rangi za dhahabu na samawati. Kizuri, ila subiri hadi uwe umemaliza msimu mzima na cha kwanza.

5. Seti ya vichujio vitatu vya nanomita 3 kwa kamera isiyo na rangi. Chroma ndiyo inayosifiwa, na seti yake ni ghali hata kabla hujanunua gurudumu la kuvizungusha. Kwa mawingu yetu, usiku mmoja safi unaweza kuisha umepata haidrojeni tu, ukasubiri wiki mbili kupata oksijeni.

Mwisho kabisa: CLS na vichujio vingine vya "kuondoa mwanga wa mji". Vilibuniwa kwa taa za rangi ya chungwa. Dhidi ya LED havifanyi kitu kikubwa. Usinunue.

Na kuna picha ambazo hakuna bendi nyembamba itakayokusaidia. Kundi la nyota la Kilimia, kwa mfano. Vumbi lake linarudisha mwanga wa nyota kama ukuta uliopakwa chokaa, na kichujio hiki kitauzima. Hicho kipige siku ukienda kijijini.

Ukihesabu bei, ongeza usafiri na VAT ya asilimia 18 ambayo URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wataidai mzigo ukifika. Pia ongeza kifuatilia nyota, kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota, kama huna, maana picha moja hapa ni dakika tatu hadi tano. Kampala iko kwenye latitudo 0.3, hivyo mhimili wa kifaa hicho unalala karibu sambamba na ardhi. Muulize muuzaji kama skeli yake ya latitudo inafika sifuri, na kama fimbo ya uzito haitagonga mguu wa tripodi. Nyota ya Kaskazini, ya kulengea mhimili, usiitafute. Iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya nyumba ya mtu.

Msimu nao una neno. Agiza mapema ili kichujio kifike kabla ya Desemba, uwahi Jabari na Waridi wakati wa kiangazi, au kabla ya Juni kwa nebula za Lagoon na M16. Nebula kubwa ya Mkuku (Carina) bahati yake ni mbaya: jioni zake zimeangukia kwenye mvua za Machi hadi Mei. Mimi huamka saa saba usiku mwezi wa pili, ikiwa imefika juu ya kusini, kama digrii 30 kutoka upeoni, na ziwa limeshaanza kutuma umande wake. Kwa sababu ya umande huo huo, nunua na paketi chache za silika. Kuvu wa Kampala wanapenda kioo kilichofungiwa kwenye kisanduku kikiwa na unyevu.