Vocha ya nyumba ya Section 8: tamu ukishaipata, ila kuipata sasa

Jamani wacha niseme ukweli kuhusu hii vocha ya Section 8 huku Marekani, ile serikali inayowasaidia wenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba. Ukishaipata ni raha, unalipa kama 30% ya kipato chako hivi, kinachobaki serikali inamalizana na mwenye nyumba. Shida foleni. Mi nimekaa kwenye listi miaka mpaka nikasahau kama niliomba, siku barua inakuja naambiwa nina siku 60 za kutafuta nyumba, haya piga simu huku piga kule, kila mwenye nyumba akisikia tu neno vocha eti nyumba imeshachukuliwa. Afadhali California, tangu 2020 sheria yao inakataza kumkataa mtu kisa vocha. Majimbo nayo yanapenda mipango ya miaka kumi kumi ya kumaliza tatizo la watu kukosa makazi, Utah walianza wao 2005, na lile wazo la kumpa mtu nyumba kwanza mengine baadaye nalikubali kabisa, ila nyumba zisipojengwa hiyo vocha ni karatasi tu. Dada wa dirishani pale ofisi ya vocha aliyenipigania nikaongezewa siku, huyo nyota tano. Ofisi yenyewe nyota mbili, simu hawapokei kabisa.