Kutengeneza na Kuchoma Video za Zamani kwenye DVD: Programu Ipi Inastahili Fedha Yako

Wengi wanaotaka kuhamishia video zao za zamani kwenye diski huanza kwa kuuliza ni programu ipi inayogeuza haraka, ilhali la kwanza kujua ni hali ya faili zenyewe. Faili ya AVI, aina ya zamani ya faili ya video, kwa kawaida huwa na faharasa yake mwishoni, yaani orodha inayoonyesha kila kipande cha picha na sauti kilipo, kwa hiyo kompyuta ikizimika katikati ya kurekodi, au kunakili kukikatika, faharasa hiyo hukosekana. Picha hucheza, lakini ukijaribu kuisogeza mbele hukwama, na muda unaoonyeshwa huwa si wa kweli. Niliwahi kulipia programu moja iliyoipokea faili ya namna hiyo bila kulalamika, ikaigeuza na kuichoma, na sherehe ya zaidi ya saa moja ikakatika dakika ya 23. Tangu siku hiyo nazipanga programu hizi kwa jinsi zinavyoikabili faili mbovu.

Nafasi ya kwanza naipa FFmpeg pamoja na DVDStyler, zote mbili za bure. FFmpeg huendeshwa kwa amri za kuandika, jambo linalowatisha wengi, lakini amri zinazohitajika hapa ni chache. Ukiandika ffmpeg -i zamani.avi -c copy mpya.avi, programu hunakili picha na sauti kama zilivyo ndani ya faili mpya yenye faharasa mpya, na kwa kuwa hakuna kinachobanwa upya, ubora haupungui. Baada ya hapo, kuongeza -target pal-dvd katika amri ya kugeuza huleta vipimo vyote ambavyo deki ya DVD ya PAL (mfumo wa televisheni) huvitarajia: ubanaji wa video wa MPEG-2, upana wa 720 kwa kimo cha 576, fremu 25 kwa sekunde na sauti ya 48 kHz. DVDStyler hutengeneza menyu na kuchoma. Faili ya MP4 au MOV iliyokatika kabla ya kufungwa ni mgonjwa mwingine kabisa: huhitaji programu kama untrunc, ambayo hujifunza muundo kutoka faili nyingine isiyo na kasoro iliyorekodiwa kwa kamera ileile.

Ya pili ni programu za kulipia zinazofanya kila kitu mahali pamoja, kama TMPGEnc Authoring Works na ConvertXtoDVD. Unacholipia hasa ni menyu nzuri na kuepushwa na amri, na kwa mwenye faili nyingi zilizo nzima hiyo ni biashara ya haki. Hata hivyo, usilipe kabla hujaijaribu kwa faili yako mbovu kuliko zote na kuitazama hadi mwisho, ukisikiliza kama sauti bado inaendana na midomo.

HandBrake, programu ya kugeuza video, naiweka ya tatu, si kwa ubaya wake, kwani ni ya bure na ni hodari, bali kwa sababu hutoa MP4, MKV na WebM tu. Haitengenezi DVD ya kuchezwa kwenye deki.

Mkiani kabisa ni zile programu za ukarabati zinazochunguza faili bure, zikakuonyesha kwa furaha kwamba inaokolewa, kisha zikadai malipo ili kuihifadhi, wakati kasoro yenyewe mara nyingi ni ile ya faharasa.

Fedha iliyobaki inunue diski nzuri za DVD-R badala ya zile za kufutika. Diski ya GB 4.7 huonekana kwenye kompyuta nyingi kama 4.38, kwa kuwa hesabu ni mbili tofauti (mtengenezaji huhesabu kwa 1000, kompyuta kwa 1024), hivyo usidhani umepunjwa. Ukiweka saa mbili, wastani wa data ya picha na sauti kwa pamoja ni kama Mbit 5 kwa sekunde, ingawa DVD huruhusu hadi 9.8 kwa picha peke yake. Video ndogo ya 352 kwa 288, iliyotoka kwenye VCD, haipati uzuri wowote kwa kukuzwa. DVD inakipokea kipimo hicho kama kilivyo, na saa nyingi zaidi huenea katika diski moja. Choma kwa kasi ya wastani, uiruhusu programu ihakiki diski, na usifute faili ya asili kabla diski haijacheza hadi mwisho kwenye deki yenyewe.