Matairi ya Formula 1: mpira ulioagizwa uchakae

Anayenunua tairi la gari lake hutaka limtumikie miaka bila kuota kipara, na kwa kipimo hicho matairi ya Pirelli yanayotumika katika mbio za magari za Formula 1 yangeonekana mabovu. Hata hivyo, tangu kampuni hiyo ya Italia iwe msambazaji pekee mwaka 2011, wenye mashindano wameitaka itengeneze matairi yanayochoka mbioni, ili kila timu ilazimike kupiga hesabu ya lini gari litoke njiani kubadilisha matairi. Kwa hiyo anayeyapima matairi haya hana budi kuzipima na kanuni za mashindano.

Kwenye njia kavu huwapo aina tatu: gumu lenye alama nyeupe, la wastani lenye njano na laini lenye nyekundu, na dereva ni lazima atumie angalau aina mbili. Mimi nalisifu hasa lile gumu. Kule Spa, Ubelgiji, Julai 2024, George Russell wa Mercedes alibadilisha mara moja tu, katika mzunguko wa 10, akaendesha mizunguko 34 iliyosalia kwa matairi magumu yaleyale huku Lewis Hamilton, mwenzake wa timu mwenye matairi mapya zaidi, akimkaribia hadi wakamaliza wakiachana kwa nusu sekunde.

Kisha gari likapimwa. Kanuni ilitaka lisipungue kilo 798, nalo likawa na 796.5, hivyo Russell akaondolewa na ushindi ukaenda kwa Hamilton. Mpira uliochakaa ni uzito uliopotea, na Mercedes wenyewe waliutaja miongoni mwa sababu zinazowezekana. Katika viwanja vingine dereva humalizia kwa mzunguko wa polepole, akizoa vipande vya mpira vilivyotapakaa kando ya njia, vikaganda kwenye matairi na kumrudishia uzito kidogo. Spa magari hugeuzia karibu na mstari wa kumalizia, na nafasi hiyo haipo. Wiki tano baadaye, Monza, Italia, Charles Leclerc wa Ferrari alishinda kwa matairi magumu yaliyokwenda mizunguko 38, akiwaacha madereva wa timu ya McLaren waliobadilisha mara mbili.

Ninachokipinga ni kulazimisha. Monaco, mwaka 2025, kila dereva alitakiwa kubadilisha mara mbili, na baadhi ya timu zikamwagiza dereva mmoja atambae na kuwazuia walio nyuma ili mwenzake apate nafasi ya kuingia na kutoka. Tairi halikuwa na kosa pale. Hata sharti la aina mbili ningeliondoa, ili anayeweza kulitunza tairi gumu tangu mwanzo hadi bendera ya mwisho aruhusiwe kujaribu.