Siku moja Dubai katikati ya kruzi mbili: mashua ya abra ya dirham 1 na boriti za Lamu

Kama umekata kruzi mbili mfululizo kutoka Dubai na hujui ile siku ya katikati uifanye nini, usikae melini. Nalisema mapema kabla sijaanza stori kwa sababu siku ile nusura tukae, watu kibao pale bafe walikuwa washatandaza taulo zao kando ya swimingi wanasema aah Dubai tushaiona, na mimi mwenyewe nlikuwa nimechoka na wiki ya kwanza. Mama ndie aliyesema tushuke. Nimekuja na mama yangu, ana miaka 67, mzaliwa wa Lamu, goti moja linamsumbua, kwa hivo haya ninayoandika ni ya mtu anaetembea na mzee, si ya kijana wa kukimbia na begi mgongoni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya Oman, Muscat na Khasab, ya pili ilikuwa ya Doha na Bahrain, meli ile ile chumba kile kile. (Pale Muttrah, Muscat, mama aliingia duka la vitambaa akaanza kupatana kwa ishara, mwenye duka akamjibu kwa Kiswahili safi cha Unguja, wakakaa nusu saa wanaulizana koo. Hiyo nayo inataka maandishi yake.)

Utaratibu wa siku ya katikati uko hivi. Usiku wa kuamkia unaletewa barua chumbani na kadi mpya ya mlango, ile ya zamani haifanyi kazi tena kwa safari ya pili. Bili ya wiki ya kwanza inafungwa, kwa hivo ipitie usiku ule ule, usingoje asubuhi foleni iwe mpaka kwenye lifti. Ukibaki chumba kile kile nguo zako ziache kabatini, unaehama ndio unapaki. Na yale mazoezi ya dharura lazima uyafanye upya hata kama uliyafanya juma lililopita, usibishane nao. Kwa sisi wa pasipoti ya Kenya kuna la zaidi, meli ikishatoka kwenda Oman ndio umetoka Imarati, kurudi kwako ni kuingia upya, na ya pili hivo hivo, kwa hivo sisi tulichukua visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Hilo lishughulikie nyumbani kabla hujalipa hata shilingi ya kruzi.

Pale mapokezi ya meli tuliambiwa saa mbili na nusu tutakuwa nje. Tumetoka saa nne kasoro dakika kidogo. Wale wanaoendelea na safari tulikusanywa ukumbini tukae mpaka wanaomaliza watoke wote, na hakuna aliyepita hata kutuambia inachelewa kwa nini, mama amekaa na mkoba wake mapajani muda wote ule na goti linazidi kukaza. Hilo liliniudhi kwa kweli, si kwamba tulikuwa na haraka, meli ilikuwa inaondoka saa tano usiku, lakini mzee mwambie tu ukweli ajue anyooshe miguu.

Sasa sikilizeni hapa, hili ni muhimu. Dubai kuna bandari mbili za kruzi. Kuna Port Rashid ya tangu 1972, na kuna ile mpya ya Dubai Harbour iliyofunguliwa 2021 kule upande wa Marina, na zote mbili watu wanasema tu "bandari ya Dubai". Meli yetu ilifunga Port Rashid na hayo ndio niliyoyapenda, manake ukitoka tu getini uko jirani na mji mkongwe. Ukiwa Dubai Harbour hesabu safari ndefu ya teksi au metro kabla hujafika huko ninakokueleza. Pale Port Rashid pia utaiona ile QE2, meli kubwa ya Waingereza iliyosafiri tangu 1969 mpaka 2008, siku hizi ni hoteli, imefungwa pale pale gatini. Mama aliitazama akasema mbona inapendeza kuliko yetu, na ni kweli, zile meli za zamani zilikuwa na umbo la meli, hizi za sasa ni ghorofa.

Dawati la ziara la meli lilikuwa linauza safari ya kwenda moli na mnara mrefu, basi kwenda na kurudi, kwa bei ambayo kwa watu wawili ingetulisha siku nne. Tukaacha. Tukachukua teksi ya mita mpaka Al Fahidi, ule mtaa wa zamani ambao wengine wanauita Bastakiya, kwa sababu walioujenga ni wafanyabiashara waliotoka Bastak, Uajemi. Dirham ishirini na kitu, tumefika.

Hapa ndio nataka nikae kidogo.

Al Fahidi ni vichochoro. Nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, kuta nene, milango ya mbao, ua katikati, na juu ile minara ya upepo wanayoiita barjeel, upepo unaingia huko juu unashuka mpaka chumbani. Ukisimama chini yake unausikia kweli, hata saa sita mchana. Mtu wa Lamu haelezwi kitu pale, mama alikuwa anatembea mbele yangu kama anakwenda kwa jirani, anakata kona bila kuuliza. Nusu ya mtaa huu ilishavunjwa, na uliobaki nao ulikuwa uvunjwe miaka ya themanini mwishoni, akasimama msanifu mmoja Muingereza jina lake Rayner Otter akapiga kelele mpaka akamwandikia Prince Charles, naye alipokuja 1989 akautembelea, ukanusurika. Nafikiri kila anayepita pale angejua hilo, manake sisi kwetu tunabomoa za mawe tunajenga za bloku na hatuandikii mtu barua.

Nyumba nyingi ziko wazi, ndogo ndogo za maonyesho, kuna ya kahawa, kuna za wasanii, unaingia unatoka. Tumeingia moja, chumba kirefu chembamba, mama akakaa kwenye kibaraza cha ndani kupumzisha goti, akainua macho juu, akanyamaza. Nikadhani ameshikwa na kizunguzungu. Akaniambia, "Hebu tazama juu, mwanangu. Hizi si boriti hizi?"

Zilikuwa boriti. Mikoko mitupu, imepangwa sambamba kutoka ukuta mpaka ukuta, zimekuwa nyeusi. Kwa wasiojua, babu yangu mzaa mama alikuwa mkataji wa mikoko upande wa Mkunumbi, na mama kakulia kwenye hesabu za fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ndio majina ya miti ya mikoko kwa unene wake, zinauzwa kwa korja, korja moja ni ishirini. Na majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija na kaskazi, Disemba, Januari, na tende na mazulia na chumvi, yanangoja kusi ianze Aprili yarudi yamejaa boriti, kwa sababu huku Ghuba hakuna miti ya kuezekea nyumba. Huku wanaziita chandal. Mama akaanza kupima chumba kwa macho, akaniambia unaona chumba hiki chembamba, si kwa ufukara wa mwenye nyumba, tajiri huyu, ni kwa sababu boriti haizidi hapo. Upana wa chumba ni urefu wa boriti. Kwetu Lamu hivo hivo, Zanzibar hivo hivo. Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, babu hakuwa na kazi tena, hiyo habari naijua ya upande wetu, lakini sikuwahi kuiona ya upande wa pili, zile boriti zilikwenda wapi, zilimlaza nani. Kijana aliyekuwa pale mlangoni, kwa lafudhi yake nadhani mtu wa Kerala, India, mama akamuuliza kwa Kiswahili kama anaweza kushika, kijana hakuelewa neno ila aliona, akavuta kiti akakishika kisiyumbe mpaka mama akapanda na goti lake lile akaigusa kwa ncha ya vidole. Sikumkataza. Ningemkataza vipi.

Hakuna tiketi tuliyolipa pale. Bure kabisa.

Chakula cha mchana tulikula Al Ustad Special Kabab, wako Bur Dubai tangu 1978, kuta zimejaa picha za wageni waliopita. Kebabu za kiajemi zilizolazwa kwenye mtindi, laini hata mwenye meno mabovu atakula, wali mweupe na siagi juu. Nenda na njaa, sahani ni kubwa. Huduma ya haraka na ya heshima, mama aliletewa mkate wa ziada bila kuomba. Ntarudi.

Baada ya hapo abra. Hii ndio hasa ninayotaka kuipa nyota, manake katika mji ambao kila kitu kina bei ya kutisha, kuvuka khori, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, kutoka Bur Dubai kwenda Deira ni dirham moja. Moja! Hesabu ya Kenya ni kama shilingi 35. Unampa nahodha mkononi mkiwa ndani, hakuna app wala kadi. Ni mashua ya mbao yenye injini ya dizeli, watu kama ishirini, mnakaa migongo kwa migongo kwenye benchi la katikati mkitazama maji kila upande, nahodha yuko kwenye shimo lake katikati anaendesha, na ikijaa tu inaondoka, hungoji ratiba. Dakika chache uko ng'ambo. Karibu yangu alikaa fundi na ndoo yake ya vifaa, na mama mmoja na mboga, hawa ndio abiria wa kila siku, si chombo cha kuwaonyesha watalii. Mie mtoto wa Mombasa niliyevuka Likoni maisha yangu yote nilijiona nimefika kwangu.

Mapungufu yapo. Kuingia kunataka magoti, unakanyaga ukingo unaruka kidogo ndani, na chombo kinacheza, mama alishikwa mikono na watu wawili asiowajua. Wa kiti cha magurudumu sioni atapandaje. Na pembeni hakuna ukuta wa kuegemea, mwenye mtoto mdogo amshike barabara.

Deira sikai sana kuieleza, wafanyabiashara wa kwetu mnaijua kuliko mimi. Ila kwa mgeni wa kruzi, soko la viungo liko pale pale ukishuka abra ya Deira Old Souk. Bei ya kwanza usiikubali kamwe. Mama alinusa karafuu, akauliza za wapi, muuzaji akasema Zanzibar, mama akaivunja moja kwa kucha kuona mafuta, akasema sawa, akapatana. Tulinunua ndimu kavu na ubani. Zafarani ya bei ya kutupa usinunue, nyingi si zafarani ni ua jingine, rangi tu. Na wauzaji wa pale wakikuona mweusi wanaanza "jambo, karibu dada", wengine mpaka wanahesabu kwa Kiswahili. Soko la dhahabu tulilipita tu.

Nilichotaka ni ukingo wa khori, kwenye majahazi. Yapo bado, ya mbao, yamefungwa matatu manne ubavu kwa ubavu, yanapakia friji, matairi, magodoro, ya Iran na ya Somalia. Tanga hamna tena, injini tu. Tukanunua karak dirham mbili kila mmoja, chai ya maziwa iliyochemka sana na hiliki, tukakaa pale. Mama akampigia mjomba Lamu kwa video akamzungushia simu aone. Mjomba alikuwa anauliza jina la kila jahazi.

Tulivuka tena kwa abra jua linazama, teksi, melini saa moja na nusu usiku, mwisho wa kurudi ulikuwa saa tatu. Meli imejaa sura mpya zinatafuta lifti, mama akawa anawaelekeza.

Juma lililofuata kruzi ya pili ilipoisha ndege yetu ilikuwa ya usiku. Nikamuuliza mama anataka kupumzika wapi. Mabegi tukayaacha uwanja wa ndege sehemu ya kuhifadhi mizigo, tukapanda metro laini nyekundu mpaka Union, tukabadilisha ya kijani mpaka Al Ras, kuna behewa la wanawake na watoto peke yao kwa hivo mama alipata kiti mara moja, na kutoka Al Ras unatembea kidogo tu mpaka kwenye abra. Tulivuka mara nne, kwenda na kurudi mara mbili. Dirham 8 jumla sisi wawili.