Wakili wa Mwanga aliyekataa mkataba wangu wa dagaa

Wenzangu wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mnaouliza ni wakili gani anasoma karatasi kabla ya kugonga muhuri: huyu anasoma. Ofisi yake iko mtaa wa Mwanga, hapahapa Kigoma, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi msihangaike, anakuwa mahakamani. Nendeni baada ya saa nane, na benchi la kungojea ni jembamba kweli.

Mnunuzi wangu wa Kahama alikuja na mkataba aliochapisha steshenari. Ananipa advansi ya milioni mbili, mimi namletea magunia ya dagaa wapya kila wiki, Juni hadi Septemba. Ilikuwa 2024, na Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mashahidi walishasaini, muhuri wa mtaa ulishagongwa, ilibaki saini yangu tu.

Wakili alisoma mpaka kwenye mzigo wa Julai, akaweka kalamu chini. "Mama, hawa dagaa watavuliwa na nani?"

Hakunihubiria. Alifungua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23: makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Hata mlete mashahidi mia. Nisipopeleka mzigo, mnunuzi hana pa kunishtaki. Nikipeleka akaninyima salio, mimi pia sina pa kulilia. Akanichekesha na kesi ya Uingereza ya 1725: jambazi alimshtaki jambazi mwenzake eti kampunja mgao. Mahakama ikaitupa kesi, wanasheria walioipeleka wakapigwa faini, na majambazi wenyewe baadaye wakaishia kitanzini.

Nikamwambia basi futa Juni na Julai, Septemba ibaki. Akakataa. Advansi ilikuwa moja kwa mzigo wote, na kifungu cha 24 kinasema sehemu ya kinachotolewa kwa malipo hayo ikiwa haramu, makubaliano yote yanakufa. Akaandika upya: mzigo wa kwanza baada ya Agosti 15, na advansi inatolewa magunia ya kwanza yakionekana. Mnunuzi alinuna, akasaini.

Ubaya wake ni bei. Hakuitaja mpaka tunanyanyuka: elfu sitini, wakati steshenari wanachapa kwa elfu tano. Ulizeni kabla hamjakaa.

Nampa nyota nne. Ya tano ataipata siku akibandika bei zake ukutani.